Msomaji wa Magazeti ya Dunia

Jina la nchi hiyo silitaji. Si kwa woga, la hasha, bali kwa sababu lilibadilishwa mara tatu katika mwaka mmoja, na iko sheria ya kumfunga yeyote anayetamka jina lililokwisha kutenguliwa. Itoshe kusema ilikuwa nchi ya amani. Amani yenyewe ilikuwa nyingi mpaka magereza yalijaa watu waliokuwa wakitulizwa. Kiongozi wake aliitwa Mlezi wa Taifa, na alikuwa amelea miaka ishirini na saba bila likizo, ingawa wanawe walikwisha kuomba mara kadhaa waachishwe ziwa.

Katika nchi hiyo aliishi Lukindo Mashauri, mtu mpole mwenye miwani mizito, mwajiriwa wa Wizara ya Magazeti ya Nje na Ukweli wa Ndani. Cheo chake kilikuwa Msomaji Mkuu wa Magazeti ya Dunia. Kila asubuhi saa tatu kamili alisimama mbele ya Mlezi, Mlezi akinywa chai, akamsomea yale ambayo magazeti ya mataifa mbalimbali yameandika juu yake. Vyeti vyake vilisema anajua lugha ishirini na moja. Kwa kweli alijua mbili, na mojawapo ndiyo aliyozaliwa nayo.

Kazi hiyo alitafutiwa na dada yake, Ruzuna, mpishi wa Ikulu. Mama yao alifariki Ruzuna akiwa na miaka kumi na minne na Lukindo mitatu, na tangu siku ile Ruzuna ndiye aliyekuwa mama. Alimbeba mgongoni akienda kisimani, aliacha shule ili mdogo wake asome, na hata Lukindo alipoota mvi dada mtu hakuacha kumuuliza kama amekula. Siku moja, akiandaa meza ya Mlezi, alimsikia akilalamika kwamba hajui dunia inamsema vipi. Ruzuna akaweka sahani, akapiga goti, akasema, "Mtukufu, ninaye mdogo wangu. Anasoma kila kitu, hata karatasi ya kufungia vitumbua." Kesho yake Lukindo akaajiriwa.

Asubuhi ya kwanza alifungua furushi la magazeti lililoshuka na ndege, akayapekua ukurasa kwa ukurasa. Hakukuta neno. Dunia ilikuwa imeandika habari za mafuriko, mpira, ndoa za waigizaji na uhaba wa viazi. Nchi yake haikutajwa hata kwenye utabiri wa mvua. Saa tatu ikafika.

"Haya, wanasemaje?" akauliza Mlezi.

Lukindo alitazama gazeti aliloshika. Lilikuwa limefunguka kwenye tangazo la meno ya bandia. "Wanasema, Mtukufu... wanasema wanatuonea wivu."

Mlezi akaweka kikombe chini. "Endelea."

Lukindo akaendelea kwa miaka kumi na mmoja.

Katika miaka hiyo dunia ilimsifu Mlezi kuliko ilivyowahi kumsifu binadamu yeyote. Gazeti la Horomundia liliandika kwamba wanawake wa huko huwaita watoto wao wote jina lake, wavulana kwa wasichana, hata walimu wanashindwa kuita mahudhurio. Gazeti la Visiwa vya Baltanga liliomba radhi kwamba visiwa hivyo viko mbali naye. Habari hizo zilisomwa redioni kila siku saa nne, na kila aliyekutwa anatembea wakati zikisomwa alihesabiwa kuwa anaikimbia dunia. Wanafunzi walizikariri. Waliofeli mtihani wa Magazeti ya Dunia walirudia darasa, hata wawe hodari wa hesabu namna gani.

Kosa la Lukindo, kama ni kosa, ni kwamba nchi za kweli zilianza kumwishia. Asubuhi moja akabuni yake mwenyewe: Ostravika, nchi ya theluji, yenye gazeti liitwalo Kengele ya Alfajiri. Kwa kuwa siku hiyo alikuwa anaomba likizo kwa mkuu wake wa idara, Bwana Chambulila, aliongeza kwamba Kengele ya Alfajiri inamtaja Chambulila kuwa ubongo mng'avu kuliko wote katika nchi za joto. Likizo hakuipata. Chambulila alipata uwaziri.

Mlezi aliipenda sana Ostravika. Aliamuru ipelekewe balozi. Balozi aliyeteuliwa alifunga masanduku, akanunuliwa makoti mazito sita, akapanda ndege. Baada ya wiki mbili ikaja ripoti yake: amepokelewa kwa gwaride, baridi ni kali, na wenyeji humsimamisha njiani kumuuliza afya ya Mlezi. Mtu huyo alikuwa wapi hasa hakuna ajuaye. Lukindo alipofungua bahasha ya ripoti, mchanga wa ufukweni ulimwagika mezani. Akaufuta kwa kiganja, asimwambie mtu, maana naye alikuwa na uongo wake.

Basi ikafika asubuhi Mlezi akasukuma sahani yake kando kabla Lukindo hajafungua kinywa.

"Sifa, sifa, sifa," akasema. "Kwani mimi ni bibi harusi? Viongozi wakubwa wote hutukanwa. Juzi jirani yetu ametukanwa na magazeti manne kwa siku moja. Manne! Ana nini yeye ambacho mimi sina? Kiongozi asiyetukanwa ni mwenyekiti wa kikoba cha akiba. Kesho nataka matusi."

Waziri Chambulila alipiga saluti, ingawa hakuwahi kuwa askari. "Yatapatikana, Mtukufu. Matusi ya daraja la kwanza. Wizara yangu haitakuangusha."

Lukindo hakupata hamu ya kula siku nzima. Tusi kubwa lingeweza kumuua msomaji. Tusi dogo lingekuwa dharau. Akiandika kwamba Mlezi ni mwizi, hilo kila mtu alilijua. Akiandika kwamba ana damu mikononi, hiyo damu yenyewe ilikuwa bado haijakauka. Alihitaji tusi safi, tusi lisilogusa ukweli mahali popote. Asubuhi, akinyoa ndevu dirishani, kuku wa jirani walikuwa wakipigana juu ya maganda ya muhogo. Lukindo akaweka wembe chini. Alikuwa amelipata.

Saa tatu akasimama, akafunua gazeti lililokuwa juu ya furushi, akasoma kwa sauti ya huzuni ya kitaifa: "Kengele ya Alfajiri, Ostravika. Kiongozi wa nchi ile, ijapokuwa hunguruma kama simba mbele ya adui zake, tumepata habari za uhakika kwamba humwogopa kuku."

Alitarajia kicheko. Badala yake kikombe cha Mlezi kiligonga sahani, kikapinduka, chai ikatiririka kwenye suruali nyeupe na mwenyewe asiihisi. Uso wake ulikuwa wa majivu.

"Nani," akasema polepole, "nani amewaambia?"

Wahenga walisema ukitupa jiwe gizani ukasikia mama wee, ujue limempata mtu. Lukindo alisimama na gazeti lake mkononi.

Mpaka siku ile watu wa nchi hiyo hawakujua lolote kuhusu Mlezi na kuku. Walianza kujua saa sita mchana, pale askari walipoingia mitaani na magunia. Amri ilisema kwamba kuku wote wa mji mkuu waondolewe ili kukanusha uvumi kwamba Mlezi anawaogopa. Mayai yalipigwa marufuku kwa kuwa ni kuku wanaojificha. Jogoo mmoja aliyekutwa karibu na ukuta wa Ikulu alishikiliwa siku tatu, na msemaji wa serikali akatangaza kwamba anatoa ushirikiano.

Upelelezi aliachiwa Mkuu wa Masikio, mtu mwembamba, mwenye adabu, aliyekuwa akiomba samahani kila mara kabla ya kumng'oa mtu kucha. Hadi Jumatano alikuwa na waliokiri saba. Mtunza bustani alikiri kupeleka siri hiyo Ostravika kwa njiwa. Dereva alikiri kuipeleka mwenyewe, kwa miguu, akaondoka Jumapili baada ya ibada na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Mkuu wa Masikio aliwashukuru wote saba na kuwazika, lakini hakuridhika. Alitaka kujua kwanza nani aliijua siri yenyewe. Majina yakatoka mawili. La kwanza lilikuwa la daktari wa Mlezi, ambaye alikuwa nje ya nchi kwa matibabu. La pili lilikuwa la mpishi, mwanamke aliyekatazwa kwa miaka kumi na tisa kupitisha kuku au yai kwenye lango la Ikulu, naye hakuwahi kumwambia mtu sababu, hata ndugu yake wa tumbo moja.

Ruzuna alikamatwa akimenya ndizi. Aliomba amalizie, wakamkatalia.

Habari ilipomfikia Lukindo alikaa kwenye furushi la magazeti. Kisha akafanya alichokijua. Kesho yake saa tatu akamsomea Mlezi kwamba Kengele ya Alfajiri inaomba radhi, habari ya kuku haikuwa ya kweli, hakuna mtu aliyewaambia, waliitunga wenyewe kwa sababu ya baridi.

Mlezi akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu juzi. "Unaona? Wanamlinda mtu wao. Asiye na la kuficha haombi radhi." Akamgeukia Mkuu wa Masikio. "Yule mpishi ndiye. Andaa mahakama."

Lukindo akatoka pale akaenda moja kwa moja kwa Waziri Chambulila. Alimkuta akichaguliwa rangi ya mapazia mapya. Akafunga mlango, akapiga magoti kwenye zulia.

"Mheshimiwa, lile gazeti halipo."

"Limefungiwa?"

"Halijawahi kuwapo. Nililitunga mimi. Ostravika yenyewe nimeitunga. Kuku nimetunga. Dada yangu hakumwambia mtu chochote, Mheshimiwa, nakuapia kaburi la mama yetu."

Chambulila alimtazama muda mrefu, kama mtu anayeangalia paa la nyumba yake likianza kuvuja. Kisha akaketi.

"Ndugu Lukindo, simama, unachafua zulia. Nisikilize vizuri. Unasema Ostravika haipo. Tunaye balozi huko. Nina ripoti zake arobaini na mbili kwenye kabati lile. Wewe una nini?"

"Nina ukweli, Mheshimiwa."

"Ukweli wa ndani au wa nje?"

Lukindo akaligeukia lile kabati.

"Halafu," Chambulila akaendelea kwa upole, "kama Kengele ya Alfajiri haipo, basi nani alisema mimi ni ubongo mng'avu? Maana uteuzi wangu unatokana na gazeti hilo, umeandikwa kwenye hati, una muhuri. Unataka kuniambia nimekaa kwenye kiti hiki kwa hisani ya hewa? Nenda nyumbani upumzike. Nitasahau ulichosema. Tena nikupe habari njema: nimempelekea Mlezi pendekezo la barua ya pongezi. Umesoma tusi lile bila kujali kwamba lingemfichua dada yako. Huo ndio uzalendo."

Siku iliyofuata Lukindo aliruhusiwa kumwona Ruzuna gerezani. Dada mtu alikuwa amekaa kwenye sakafu, mikono imefungwa vitambaa, jicho moja limefumba.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekula?"

Lukindo akaanza kulia. Akamweleza yote, tangu tangazo la meno ya bandia hadi kuku wa jirani. Ruzuna alisikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, mabega ya Ruzuna yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka askari akachungulia kwenye tundu la mlango.

"Kuku," akasema akijifuta jicho zima kwa kitambaa cha mkono. "Katika viumbe vyote vya Mungu. Ulishindwa kusema mbuzi?"

"Sikujua, dada."

"Najua hukujua. Mimi nilifunga mdomo miaka kumi na tisa, wewe umefungua wako mara moja tu." Kicheko kikamwisha. "Umemwambia nani?"

"Waziri. Amesema ana ripoti za balozi."

"Basi usimwambie mwingine. Mimi hawataniachia, nimesema sijasema. Sasa nchi nzima inajua ninachokijua, na lazima mtu alipie. Ukisema ni wewe watatunyonga wawili. Nyamaza, Lukindo."

Lukindo akainamisha kichwa, akalia zaidi. Lakini ndani ya kilio kile ilipita pumzi ndefu ya nafuu. Maneno hayo ndiyo aliyoyafuata. Ruzuna, aliyemjua tangu akiwa na siku moja duniani, aliisikia pumzi ile. Alimwangalia tu, kisha akaangalia ukuta.

"Siku ya kitanzi uje," akasema mwishowe. "Nisiwe peke yangu na wale watu."

"Nitakuja, dada."

Kesi ilisikilizwa Jumanne, ukumbi umejaa watumishi wa serikali walioletwa kwa mabasi kuja kushangaa. Kielelezo namba moja kilikuwa lile gazeti lenyewe alilolishika Lukindo asubuhi ile, limefungwa utepe mwekundu. Akaitwa shahidi mtaalamu. Akaapa.

"Fungua ukurasa unaohusika," akasema Jaji, "usome neno kwa neno. Taratibu, mshtakiwa asikie."

Lukindo akafungua. Ukurasa mzima ulikuwa tangazo la matrekta. Trekta jekundu, kubwa, limejaza karatasi kutoka pembe hadi pembe, na chini yake namba za simu. Hakuna mtu ukumbini ambaye hakuliona. Jaji aliliona. Mkuu wa Masikio aliliona. Ruzuna, kutoka kizimbani, aliliona kwa jicho lake moja, akainua uso kumtazama mdogo wake. Lukindo akahisi kwamba akisema neno moja tu, trekta, mambo yote yatasimama.

"Shahidi," akasema Jaji kwa mashaka, "hiki chombo kilichochorwa hapa ni nini?"

"Ni... ni katuni, Mheshimiwa Jaji. Kule Ostravika trekta ni ishara ya dharau."

Jaji akaguna, akaandika. "Ishara ya dharau. Soma."

Akasoma. Alisoma habari yote ya kuku, taratibu, macho kwenye gurudumu la trekta, na alipofika mwisho watumishi wa serikali wakashangaa kwa pamoja kama walivyoelekezwa.

"Mshtakiwa, una la kusema?"

"Ni kweli," akasema Ruzuna. "Niliwaambia mimi."

"Uliwaambia kwa lugha gani? Rekodi zinaonyesha hukumaliza shule."

"Kwa lugha ya jikoni."

Jaji aliiandika hiyo nayo, akaonekana kuridhika. Hukumu ilikuwa imekwisha kupigwa chapa tangu Jumatatu, kwa hiyo kikao kilimalizika mapema na watu wakawahi chakula.

Ruzuna alinyongwa Alhamisi saa nne asubuhi. Lukindo hakwenda. Saa tatu alikuwa mbele ya Mlezi kama kawaida, na saa tatu na nusu, alipokwisha kusoma, Mlezi akamwambia leo amefurahi, amsomee zaidi. Angeweza kuomba ruhusa. Alijiambia kwamba haiwezekani, kisha akasoma magazeti ya nchi tisa, moja baada ya jingine. Yote yalipongeza uhuru wa mahakama. Saa ya ukutani ilipogonga saa nne sauti yake haikukatika, na hilo lilimshangaza yeye mwenyewe.

Zikapita wiki mbili. Furushi jipya likashuka na ndege, na Lukindo akalifungua ofisini kwake kwa mazoea. Katika gazeti la nchi ya mbali, nchi ya kweli, lililoandikwa kwa ile lugha yake ya pili, ukurasa wa kumi na nne, chini ya fumbo la maneno, aliona mistari minne midogo. Ilisema hivi: "Mpishi mmoja, Ruzuna Mashauri, mwenye umri wa miaka hamsini na saba, amenyongwa kwa shtaka la kuliambia gazeti la kigeni kwamba rais wa nchi yake anaogopa kuku. Gazeti linalotajwa halipo. Nchi inayodaiwa kulichapisha haipo. Marehemu ameacha ndugu mmoja."

Alisoma mara tatu. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akipekua, na hii ndiyo habari ya kwanza aliyoiona ambayo dunia iliiandika kwa hiari yake. Nani aliwapa, hakujua. Jina walikuwa wameliandika sawasawa, bila kukosea hata herufi. Alipitisha kidole juu yake, wino ukabaki kidoleni.

Saa tatu akasimama.

"Leo wametutaja?" akauliza Mlezi, mdomo umejaa andazi. Waziri Chambulila alikaa kando yake, na Mkuu wa Masikio mlangoni.

Lukindo akalifunua gazeti ukurasa wa kumi na nne. Akafungua kinywa, na kwa kitambo kidogo hata yeye hakujua kitakachotoka.

"Wametutaja, Mtukufu. Gazeti hili linayasifu mapishi ya nchi yetu. Limemtaja mpishi mmoja kwa jina." Akaweka kidole juu ya ile mistari. "Ruzuna Mashauri."

Mlezi alitafuna, akakunja uso, akatafuta kichwani. Akamtazama Waziri. Waziri akainua mabega.

"Ruzuna?" akasema Mlezi. "Ndiye yupi huyo?" Kisha akamgeukia Lukindo. "Wewe si Mashauri? Ni ndugu yako?"

Mkuu wa Masikio alisogea hatua moja kutoka mlangoni, kwa adabu.

"Hapana, Mtukufu," akasema Lukindo. "Majina yanafanana tu."

"Aha. Haya, ukurasa mwingine."

Lukindo akafunua ukurasa mwingine.